Inchi Kumi na Moja

Sajenti Ridha alipima mara mbili. Mara ya kwanza aliunyoosha utepe mwenyewe. Mara ya pili alimwita askari mwenziwe aushike upande wa pili, ili pasije pakawa na maneno.

"Leseni imeandika mtutu wa inchi thelathini," alisema. "Hapa mezani pana inchi kumi na tisa."

Mardhiya aliitazama bunduki ya marehemu baba yake, na kusema kweli ndiyo kwanza alikuwa akiiona vizuri. Miaka yote ile ilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda cha wazee, imeviringishwa gunia, na watoto wa nyumba ile walikua wakijua kwamba sanduku lile haliguswi. Mzee Nyange aliipata zamani alipokuwa kibarua wa mkonge Tanga, akarudi nayo Pemba pamoja na karatasi zake kwa sababu ya tumbili waliokuwa wakimmalizia muhogo. Sasa ilikuwa miezi mitatu tangu azikwe. Tangazo la uhakiki wa silaha lilipobandikwa mlangoni kwa sheha, wenye silaha wote wafike kituoni, na waliofariki warithi wao, Mardhiya ndiye aliyesema waipeleke mapema. Alikuwa msaidizi wa sheria wa shehia yao. Watu walimletea mambo ya talaka, ya mipaka ya makonde, ya matunzo ya watoto, naye aliona aibu nyumba yake mwenyewe iwe ya mwisho kutii.

"Namba ni ile ile," aliendelea Sajenti, akiligonga kwa ukucha bamba dogo la chuma karibu na kifyatulio. "Kwa hivyo msinambie mmekosea mkachukua nyengine. Ni hii hii, imekatwa. Nani kaikata?"

Mardhiya alitaka kusema hajui, lakini nduguye alimtangulia.

"Leseni hiyo ilitolewa Tanga," alisema Haidar. "Ni mambo ya Bara hayo. Sisi huku tuna serikali yetu na mahakama zetu. Hizo inchi mnatuhesabia kwa sheria ipi, afande?"

Sajenti Ridha alikuwa mtu wa Unguja, mpole wa sauti. Hakukasirika. Alimtazama Haidar muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kwangu mimi bunduki haina Bara wala Visiwani," alijibu. "Kilichoandikwa na kilichopo vilingane. Visipolingana, nauliza."

Kisha akainama, akaunusa mdomo wa mtutu.

"Na rangi hii ni ya juzi," alisema.

Mardhiya alimgeukia nduguye. Haikuwa rangi peke yake iliyomtia shaka. Mtu aliyeshituliwa na jambo huuliza kwanza limetokeaje. Haidar hakuuliza. Alianza na utetezi, na utetezi wenyewe alikuwa nao tayari mdomoni. Na ufunguo wa sanduku, tangu siku ya maziko, ulikuwa mfukoni mwake.

Sajenti aliizuia bunduki, akawaandikia stakabadhi, akawapa siku saba warudi na maelezo. Kabla hawajatoka aliwakumbusha jambo ambalo hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Mwezi uliopita gari ya samaki ya Masoud ilisimamishwa baina ya Tumbe na Konde, alfajiri, na mtu aliyejifunga kitambaa usoni. Waliokuwemo walichukuliwa simu zao na mauzo ya siku mbili. Masoud alisema mtu yule alikuwa na bunduki fupi.

"Fupi," alirudia Sajenti. "Ya kuingia ndani ya koti."

Njiani Haidar aliendesha pikipiki kwa kasi isiyokuwa yake, na walipofika njia panda ya diko, pale boti zinapotia nanga, alimshusha dada yake, akenda zake kwenye kibanda chake cha kutengenezea mashine za boti.

Mama yao, Bi Mwanawema, alikuwa ndani ya eda, hatoki. Alimsikiliza Mardhiya akiwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi imesita kidoleni.

"Imekatwa?" aliuliza. "Bunduki ya Nyange?"

"Imekatwa, mama. Weye hujui kitu?"

"Mie nilikuwa hata kulifagia lile sanduku siliwezi. Babaako hakutaka." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ufunguo si anao Haidar?"

Kumbe mama naye amefika pale pale.

Siku ya pili, adhana ya alasiri ilipokwisha, Mardhiya alikwenda dikoni. Alijua nduguye huswali jamaa msikitini na kwamba kibanda hakifungwi. Alijiambia anakwenda kumsubiri. Lakini alipoingia hakukaa kitako. Alifungua sanduku la spana, akatazama nyuma ya mashine mbili zilizoning'inizwa, akafunua turubai. Msumeno wa chuma ulikuwepo, na hilo si ajabu kwa fundi. Chini ya turubai palikuwa na kopo dogo la rangi nyeusi, nusu, na brashi yake bado laini.

"Wanipekua?"

Haidar alisimama mlangoni, uso umelowa udhu.

"Rangi hino ya nini?" aliuliza Mardhiya.

"Ya mashine."

"Mashine zako zote za kijivu na buluu, Haidar. Hapana nyeusi hata moja."

Haidar alipiga hatua, akalichukua kopo mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Dada, rudi nyumbani."

"Niambie umeikata weye. Nikijua, nitajua la kufanya. Naifahamu sheria."

"Waifahamu sheria," alisema Haidar, "na miye wanifahamu?"

Mardhiya alirudi nyumbani na harufu ya rangi puani, na kila hatua alizidi kuwa na yakini. Alikumbuka Haidar amekuwa akitoka alfajiri mwezi ule wote. Alikumbuka koti lake la mvua alivaalo hata siku za jua. Mambo ambayo juzi yalikuwa si kitu, leo yote yalikuwa na maana, na maana moja tu.

Alimpigia simu Laila, wakili wa Chake Chake aliyewahi kuwafundisha wasaidizi wa sheria. Hakutaja jina la mtu. Alimuuliza kama wanavyouliza watu wote: kuna mtu kaniuliza.

"Huyo mtu wako anataka kukimbilia mlango wa Muungano?" Laila alicheka kidogo. "Mwambie mlango huo mwembamba. Polisi ni jambo la Muungano, wanafanya kazi huku na kule. Lakini akishitakiwa hapa atapelekwa mahakama za hapa, na mashitaka yatasimamiwa na watu wa hapa. Kwa hivyo atakutana na wote wawili. Kifungu chenyewe cha silaha sikwambii kwa kichwa. Nipe saa moja nifungue kitabu."

Saa moja ikawa mbili. Laila alipopiga, hakuwa akicheka tena.

"Sikiliza. Leseni haimpi mtu ruhusa ya bunduki hivi hivi. Inampa ruhusa ya bunduki ile, yenye namba ile, kama ilivyoelezwa. Ukiibadili bila idhini, karatasi haikulindi tena. Na aliyeikata naye ana lake la kujibu, hata kama si mwenye bunduki. Hata kama fundi tu aliyeletewa kazi."

"Na aliyeipaka rangi?"

Mardhiya alisikia kitabu kikifungwa.

"Mardhiya," alisema Laila, "mtu huyo ni nani?"

Siku ya tatu waliitwa kituoni kwa sababu Masoud amekuja kuitazama bunduki. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya kiua iliyooshwa vizuri. Aliwapa salamu kwa heshima, kisha akaepuka kumtazama Haidar. Mwaka jana tu Haidar ndiye aliyemtengenezea mashine yake ya boti, wakala pamoja futari.

Sajenti aliiweka bunduki mezani, akarudi nyuma.

"Ndiyo hii?"

Masoud aliizunguka meza. Aliinama, akaitazama kutoka mbele, akarudisha kichwa nyuma haraka kama kwamba ingemlipukia. Mardhiya alijikuta anaomba, na hakujua anaomba nini.

"Sijui, afande," alisema Masoud mwishowe. "Wallahi sijui. Mie siku ile niliona tundu tu."

"Tundu?"

"Nilielekezewa hapa." Alijigusa kifua. "Ukielekezewa huoni urefu. Nilisema fupi kwa kuwa nilimuona akiitoa kotini. Huenda ni hii. Huenda siyo." Na hapo ndipo alipomtazama Haidar, mara moja, kisha akatazama sakafu.

Mardhiya, kwa kutotaka kuwatazama wanaume wale, aliitazama bunduki. Ndipo alipoona kitu ambacho siku ya kwanza hakukiona. Kwenye ncha ya mtutu, juu, palikuwa na kidonge cha shaba kidogo kama punje ya choroko, na rangi nyeusi imekipita juu juu.

"Afande, hiki nini?"

"Shabaha," alisema Sajenti. "Unalinganisha jicho na hicho, ndipo unapiga."

"Mtutu ulipokatwa, hicho si kingekatika pamoja nao?"

Sajenti Ridha alimtazama, kisha akaivuta bunduki karibu na dirisha.

"Kingekatika," alikubali. "Hiki kimetiwa baadaye. Kimechomelewa kwa mkono."

Jambo lile lilikaa kichwani mwa Mardhiya njia nzima. Mwizi anayemwekea mtu bunduki kifuani ana haja gani ya shabaha? Aliyetia kidonge kile alitaka kupiga kitu kilicho mbali, na kukipata. Na kazi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyezoea shaba. Haidar alikuwa fundi wa mashine, shaba hakuijua kabisa. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa hoja moja. Mardhiya aliwaza pia kwamba huenda Haidar amempelekea fundi, na kwamba fundi huyo ni mshirika wake.

Alimuuliza mama yake ni nani aliyekuwa akifanya kazi za shaba za baba yao.

"Za shaba? Silima wa Wete," alisema Bi Mwanawema. "Ndiye aliyeziba sufuria langu la harusi. Babaako hakumwamini mwengine." Akafikiri. "Ila waligombana, naona. Miaka mingi kabisa. Baada ya siku ile aliyokuja uso umepasuka hakumtaja tena."

"Siku gani?"

"Uzazini mwa Haidar, au kabla kidogo. Alikuja damu chapachapa, shavu limefunguka. Akasema ameanguka mkarafuuni."

Siku ya nne asubuhi Mardhiya alikwenda Wete. Karakana ya Mzee Silima ilikuwa uchochoro wa tatu nyuma ya soko, mlango mmoja, moto mdogo wa makaa, na mzee mwenyewe juu ya kigoda akinoa kisu cha nazi kwa tupa. Mkono mmoja ulikuwa umepoteza ncha ya kidole cha shahada.

"Shikamoo, Mzee Silima."

"Marahaba. Wataka kisu au jembe?"

"Nataka kuuliza habari za bunduki."

Tupa ilisimama. Mzee aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama uchochoro kulia na kushoto, kisha akaufunga ubao mmoja wa mlango.

"Mie nafanya majembe," alisema. "Visu, masufuria. Bunduki sizijui. Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Mie ni binti wa Nyange."

Mzee Silima alimtazama usoni kama anayetafuta alama iliyofutika.

"Nyange kafa," alisema. "Nimesikia. Allah amrehemu. Basi mwachie alale."

"Bunduki yake iko polisi. Ina kidonge cha shaba mbele. Wanamshuku ndugu yangu kwamba kaikata juzi. Na mie namshuku."

Neno lile la mwisho lilimtoka bila kulipanga. Mzee alirudi kigodani. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Ndugu yako ana umri gani?"

"Thelathini na moja."

"Basi alikuwa hajazaliwa," alisema Mzee Silima.

Akamweleza, kwa sauti ya chini, akisita kila mtu alipopita nje. Kwamba Nyange aliweka bunduki ardhini kondeni, mdomo ukaingia udongo, asijue. Tumbili walipotokea akapiga, na mtutu ukafunguka mbele kama ndizi iliyomenywa. Kipande kilimpasua shavu. Alikuja kwake siku ya pili, usoni kafungwa kitambaa, akamwomba aukate ule uliopasuka. Ufa ulikuwa umeteremka mbali kuliko walivyodhani, kila akikata anakuta chuma bado kina mstari. Mwisho akafika pazima, akatia shabaha mpya.

"Nilimwambia: peleka polisi, waandike kwamba imepasuka. Akasema wakiiona hivi wataichukua na yeye tumbili watammaliza. Nikamwambia basi mie usinijue. Hatukusalimiana tena mpaka kafa."

Mardhiya alijaa furaha na haya kwa pamoja. "Mzee wangu, njoo useme hayo kituoni. Siku ya Jumatatu. Maneno hayo hayo."

Mzee Silima alimnyooshea kidole kile kilichopungua.

"Watu wanasema weye mjuzi wa sheria wa huko kwenu. Basi nambie. Nikisema kwamba mimi ndiye nimekata, nitafungwa?"

Sauti ya Laila ilikuwa bado masikioni mwake: hata kama fundi tu aliyeletewa kazi. Mardhiya aliona jibu jepesi limesimama ulimini. Hapana, mzee, hakuna tabu, ni zamani sana. Mzee angeamini. Haidar angetoka. Ilikuwa ni neno moja.

"Sijui," alisema. "Huenda. Kukata bila idhini ni kosa, na aliyekata anajibu. Umri wako na miaka iliyopita vitatazamwa, lakini siwezi kukuahidi."

Mzee Silima aliinuka, akaufungua ule ubao wa mlango.

"Nenda salama, mwanangu," alisema. Na akaichukua tena tupa yake.

Mardhiya alirudi bila shahidi. Siku zilizobaki alizungukwa na macho. Dukani kwa Nafisa, mazungumzo yalikatika alipoingia. Mwanamke aliyepanga kuja kwake kwa kesi ya matunzo alituma salamu kwamba ameahirisha. Dikoni, wavuvi wawili walichukua mashine zao kwa Haidar kabla hazijamalizwa. Mardhiya alitaka kwenda kumwambia nduguye aliyoyasikia Wete, akafika hadi mlangoni kwake mara mbili. Mara zote mbili alirudi. Alijiambia habari bila shahidi si habari. Ukweli ni kwamba hakujua atamtazamaje usoni, na bado lile kopo la rangi hakuwa na maelezo yake.

Jumatatu waliketi mbele ya Sajenti Ridha, kila mmoja na kiti chake, nafasi ya mtu mzima baina yao. Bunduki ilikuwa imerudi kutoka kwa mtaalamu wa silaha, pamoja na barua.

"Mtaalamu anasema hivi," alisoma Sajenti. "Rangi ni mpya, haijafika miezi minne. Chini ya rangi, pale palipokatwa, pana kutu ya miaka mingi. Ndani ya mtutu pana nyumba ya nyigu, ya udongo, imekauka. Haijapigwa muda mrefu sana." Aliiweka barua chini. "Kwa hivyo gari ya Masoud tuiweke pembeni, bunduki hii haikuwa barabarani siku ile. Lakini imekatwa, na imefichwa. Nani kapaka rangi?"

"Mimi," alisema Haidar.

Mardhiya alifumba macho.

"Nilifungua sanduku baada ya maziko," aliendelea Haidar, anamwambia Sajenti lakini shingo imegeukia ukutani. "Nikaikuta fupi. Mdomo umeliwa na kutu. Nikajua imekatwa zamani. Nikajua ni baba. Mtu hakati bunduki ikawa ya kuingia kotini kwa ajili ya tumbili, afande. Nilisema moyoni: baba alikuwa na jambo. Huko nyuma kulikuwa na miaka mibaya, watu waliumizana, sikujua alifanya nini. Tangazo la uhakiki lilipobandikwa nikaona nikiipaka rangi itaonekana ilitengenezwa hivi hivi. Sikutaka kaburi lake lipekuliwe."

"Ndiyo maana ukaanza na mambo ya Bara na Visiwani."

"Nilitafuta mlango wowote."

Sajenti Ridha aliandika. Kisha akamgeukia Mardhiya. "Na wewe? Nimesikia ulikwenda Wete."

Hakushangaa kwamba amesikia. "Nilikwenda. Baba aliipasua kwa udongo ulioingia mdomo wa mtutu. Ikakatwa na fundi."

"Fundi gani?"

Mardhiya alilijua jina, aliijua karakana, alimjua hata jirani wa karakana. Alijua pia kwamba kumficha mtu polisi si kitu cha kujivunia kwa mtu wa kazi yake. Haidar aligeuka, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama.

"Mardhiya binti Nyange," alisema Sajenti taratibu, "jina."

"Afande, nipe mpaka kesho. Nikamwombe yeye mwenyewe."

"Leo ndiyo siku ya saba."

Alikuwa bado anatafuta maneno askari wa mlangoni alipoingiza kichwa, akasema kuna mzee nje anamtaka Sajenti, hataki kusema shida yake kwa mwengine. Mzee Silima aliingia na kanzu safi na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa. Aliwapa salamu wote, akakifungua juu ya meza. Kilikuwa kipande cha mtutu, kimejaa kutu, upande mmoja umekatwa sawa, upande wa pili umefunguka pande nne.

"Kilikuwa kwenye lundo langu la vyuma," alisema. "Chuma situpi."

Sajenti Ridha alichukua utepe. Akapima kile kipande, akaandika: kumi na moja. Kisha akakisogeza kwenye mdomo wa bunduki, akavilinganisha.

"Mimi nimekata," alisema Mzee Silima. "Andika. Nyange alikuja na uso umepasuka, mimi nikakata. Ndugu hawa mmoja alikuwa mchanga, mmoja hajazaliwa." Kisha akamwelekea Mardhiya. "Nilikuuliza ukaniambia huenda. Angekuwa mwengine angeniambia hapana, akanileta hapa kama mbuzi. Nimekaa siku tatu na hilo huenda lako."

Waliandika maelezo hadi adhuhuri. Bunduki haikurudi, warithi hawakuwa na leseni, na chombo kilichokatwa hakikuwa na karatasi ya kukihalalisha. Haidar alipewa onyo la maandishi kwa rangi aliyopaka. Mzee Silima alitakiwa kuripoti kituo cha Wete kila Jumatatu, faili lake likipelekwa kwa waendesha mashitaka. Mardhiya alimpeleka kila Jumatatu, wiki kumi. Wiki ya kumi aliambiwa hatashitakiwa, akaonywa, akatakiwa kutia sahihi. Alitia sahihi kwa kalamu aliyoishika kama tupa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile ya Jumatatu, walipotoka kituoni, Haidar hakupanda pikipiki. Alisimama kivulini.

"Ulinishuku," alisema.

"Nilikushuku."

"Hukuniuliza. Ulinipekua."

Kesho yake Mardhiya alikwenda dikoni wakati boti zimeingia na watu wote wapo, akamkuta Masoud anapakia samaki garini, na mbele ya wachuuzi akasema kwa sauti kwamba bunduki ya baba yao imethibitika haijapigwa miaka mingi, na kwamba yeye mwenyewe, dada mtu, alimshuku nduguye kabla ya mtu yeyote na amekosea. Masoud alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema, "Basi, Bi Mardhiya, yamekwisha." Baadhi ya watu waliitikia. Wengine waliendelea kupanga samaki, na Mardhiya alijua wale hawatasadiki leo wala kesho.

Haidar alikuwa ameyasikia yote kutoka kibandani. Alikuwa ameipandisha mashine mezani, mikono mieusi kwa mafuta. Mardhiya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Weye umeniomba radhi mbele ya watu," alisema Haidar, bila kuinua uso. "Na mie nilimshuku baba. Miezi mitatu mizima, kila nikimsomea Fatiha nauliza ndani kwa ndani alimfanya nini nani. Kumbe tumbili. Mie radhi nitamwomba nani?"

Mardhiya aliinuka juu ya ndoo.

"Twende makaburini," alisema. "Mie na weye."

Haidar alichukua kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Ijumaa," alisema. "Baada ya sala."